Bwawa la Tana lipangwe kuanzia Ozi

Wakulima wa Ozi, kijiji cha Wapokomo kilicho karibu na Kipini, hunyweshea mpunga bila pampu wala mfereji wa serikali. Bamvua ikifika, bahari hujaa na kuusukuma mto urudi nyuma; maji matamu ya Tana hupanda yakaingia mashambani, kisha bahari ikipwa, yakatoka. Utaratibu huo una sharti moja: mto uwe na nguvu ya kuizuia chumvi isipande nayo. Miaka ya karibuni nguvu hiyo imepungua. Chumvi imeingia, mashamba ya mpunga yameachwa, na miembe imekauka ikiwa imesimama.

Naanza na Ozi kwa sababu mipango ya mabwawa huanzia juu, na ikifika huku chini karatasi huwa zimeisha. Tana ni mto wa kilomita 1,000 hivi, na tayari una mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Nairobi nayo hunywa zaidi maji ya bonde hili, hasa kupitia bwawa la Ndakaini. Maji hayo hayarudi Tana tena. Yakishatumika huteremkia Mto Athi, na kutokea baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki.

Sasa kuna mpango wa bwawa kubwa kuliko yote, High Grand Falls, mpakani mwa Kitui na Tharaka Nithi. Limekusudiwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 5, mara tatu na zaidi ya Masinga. Ahadi zake ni umeme, kilimo cha umwagiliaji, maji ya mijini na kuzuia mafuriko. Silipingi. Aliyeona familia za Tana River zikihamia penye mwinuko na magodoro kichwani mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023, hawezi kuudharau mpango wa kuutuliza mto.

Ila hapo kwenye “kuzuia mafuriko” ndipo pa kusoma polepole. Tana ina mafuriko ya aina mbili. Yako yanayongojewa, ya masika na ya vuli: huacha rutuba, hujaza maziwa ya delta, na huotesha majani ambayo Waorma huyafuata na ng'ombe wao wakati wa kiangazi. Na yako yanayokuja kwa sababu bwawa la juu limejaa na halina pa kuyaweka maji. Hayo huja bwawa likizidiwa, awe mkulima anayahitaji au hayahitaji. Delta hii imeshamwaga damu: kati ya 2012 na 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na njia za mifugo kufikia maji, malka, zilikuwa sehemu ya ugomvi huo.

Bwawa linaweza kuachilia mafuriko ya kupangwa, lakini kwa sharti la kihandisi. Milango ya chini ya ukuta iwe mikubwa ya kutosha kupitisha maji mengi kwa siku chache, pamoja na sehemu ya tope. Ukuta ukishakauka, kupanua milango hiyo ni gharama ambayo hakuna wizara itakayoikubali.

Senegal walijaribu njia nyingine. Mwaka 1986 ukuta wa Diama ulifungwa karibu na mlango wa Mto Senegal, chumvi isipande. Chumvi ilizuiwa, mashamba yakapata maji. Lakini maji matamu yaliyotulia yaliotesha magugu na kueneza kichocho, na upande wa Mauritania ardhi chini ya ukuta ikakauka, mpaka ilipoundwa hifadhi ya Diawling mwaka 1991 na kuanza kuachiliwa mafuriko ya makusudi. Waliyarudisha wenyewe yale waliyokuwa wameyazuia.

Kwa Tana bado kuna nafasi ya kuliandika hilo mapema. Mkataba utaje ni mita ngapi za ujazo kwa sekunde zipite kwenye kipimo cha Garissa mwezi Mei na Novemba, na nyingine wakati wa kiangazi. Kiwekwe kipimo cha chumvi pale Ozi, kisomwe na wanakijiji wenyewe. Na utajwe kwa cheo mtu wa kupigiwa simu saa nane za usiku chumvi ikipanda, mwenye mamlaka ya kufungua milango bila kungoja kikao.