Istilahi za Kiwanja cha Karavani

Mkulima wa Uingereza anayetaka kulaza watalii shambani mwake huanza na Sheria ya mwaka 1960 kuhusu viwanja vya karavani. Mfasiri naye hukwama papo hapo. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni msafara. Lakini tukiandika kwamba kiwanja chenye cheti cha chama kilichosamehewa leseni kisipokee zaidi ya misafara 5 kwa wakati mmoja, tutakuwa tumeruhusu ngamia mia! Sheria inahesabu vyombo.

Kwa chombo kinachokokotwa twapendekeza tela la malazi. Kwa chenye injini yake, gari la malazi. Hata hivyo, katika Sheria hiyo neno moja hujumuisha vyote viwili. Mfasiri akiandika matela 5 tu, mkulima atadhani magari hayahesabiwi, na atavunja sheria kwa kosa la kalamu ya mwingine. Hapo na litumike karavani.

Kambi tumeiacha, kwani humkumbusha msomaji askari na wakimbizi, kiwanja chatosha.

Majitaka yanahitaji uangalifu zaidi. Maji ya kuoshea vyombo yasichanganywe, kwa jina wala kwa shimo, na uchafu wa choo cha dawa. Baadhi ya dawa hizo huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi shimoni, kwa hiyo kibao kisemacho “Mwaga majitaka hapa” hakimtoshi mgeni.