Namba ya kwenye kioo si joto la ncha

LUENA, Haut-Lomami – Katika mji huu wa makaa ya mawe, kama kwingineko, fundi wa simu anaweza kuiua simu ya mteja kwa joto tu.

Waya wa kulehemu wa bati, madini yanayochimbwa Manono na Walikale, ukichanganywa na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Usio na risasi, karibu 217.

Mashine yenye kioo huonyesha namba, lakini kipimo chake mara nyingi kimekaa ndani, karibu na kinachopasha moto. Kioo kitasema 350 huku ncha, ikigusa shaba nene, imepoa. Fundi akipandisha joto, njia za shaba hubanduka. Hasara ni ya mteja.

Ncha iliyochakaa huongeza tofauti hiyo. Ni bora kuipima ncha yenyewe kwa kipimajoto cha pembeni, kisha kurekebisha mashine.