Udhaifu Unaopanda Kutoka Miguuni: Ugonjwa wa Guillain-Barré

Chukulia mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, katika milima ya Upare wilayani Same, mwenye umri wa miaka 35. Aliharisha siku tatu, akapona. Juma la pili anaamka nyayo zikiwa na ganzi na kuchomachoma. Kesho yake anajikwaa kizingitini. Siku ya nne hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Hana homa, na akili yake ni timamu. Kipimo cha malaria katika zahanati hakionyeshi vimelea. Nyumbani watu wanaanza kunong'ona kwamba amekanyaga kitu alichotegewa. Hapo ndipo siku zinapoanza kupotea.

Ili kuelewa yanayompata, na tutazame mifereji ya Wapare. Maji yaliyokusanywa usiku katika ndiva hufunguliwa asubuhi, yakateremka kwa mfereji wa udongo hadi mashambani. Kingo za mfereji zikitoboka hapa na pale, shamba lililo karibu na ndiva bado litapata maji. La mwisho ndilo litakalokauka kwanza, kwa kuwa maji yake hupita penye matundu mengi zaidi. Mishipa ya fahamu iendayo miguuni ndiyo mirefu kupita yote mwilini. Kwa hiyo mara nyingi miguu hutangulia kulegea, kisha mikono, kisha uso na koo.

Kingo za mshipa wa fahamu ni ala iitwayo mayelini, yaani tabaka za mafuta na protini zilizoviringishwa kuuzunguka uzi wa mshipa, zikiacha mapengo madogo. Ishara ya umeme huruka kutoka pengo hadi pengo, kama basi la masafa marefu lisilosimama kila kijiji, na huweza kusafiri mita 50 au zaidi kwa sekunde. Uzi usio na ala hupitisha ishara kwa mwendo wa mita moja au mbili tu. Ala ikibomoka, ishara huchelewa au hukatika njiani, ilhali misuli yenyewe ni mizima.

Anayeibomoa ni kinga ya mwili. Takriban theluthi mbili ya wagonjwa huwa wameugua mafua au kuhara katika majuma sita yaliyotangulia. Kinga iliyoamshwa kupigana na vijidudu huifananisha mishipa na adui, ikaishambulia; katika aina nyingine za ugonjwa huu hushambulia uzi wenyewe. Guillain, Barré na Strohl waliueleza mwaka 1916 kwa askari wawili wa Ufaransa. Huku kwetu, Dkt. William Howlett wa KCMC na wenzake wa Norwei walichapisha mwaka 1996 ulinganisho wa wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania na wale wa magharibi mwa Norwei. Si ugonjwa wa mbali, ingawa ni wa nadra.

Miguu huogofya, lakini kinachoua ni kifua. Nilipokuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo nilimpokea mgonjwa wa namna hii jioni. Nikapima nguvu za miguu kwa uangalifu mkubwa, nikaandika maelezo marefu, nisimwulize lolote kuhusu pumzi. Alfajiri alikuwa hawezi kukohoa. Alinusurika kwa sababu muuguzi alikuwa macho kuliko mimi.

Tangu hapo humwambia mgonjwa avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti. Asipofika 20, hali ni ya hatari, hata kama anatabasamu na kusema hajambo. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala fedha. Pamoja nacho, mhudumu agonge goti kwa nyundo ndogo: mguu uliolegea usiporuka, ashuku ugonjwa huu. Mkojo ukiziba tangu mwanzo, au ganzi ikiwa na mpaka dhahiri kiunoni au kifuani, uchunguzwe uti wa mgongo, ambako kifua kikuu huweza kujificha. Kipimo cha VVU kisisahauliwe. Na mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla huripotiwa siku hiyohiyo, na sampuli mbili za kinyesi huchukuliwa ndani ya siku 14 kwa ajili ya kuchunguza polio.

Mgonjwa asisubiri. Kutoka mjini Same hadi KCMC, Moshi, ni zaidi ya kilomita 100, na kabla ya hapo kuna mteremko wa milima ambao wakati wa masika haupitiki kwa urahisi. Udhaifu huweza kuongezeka kwa majuma mawili hadi manne, na mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi huhitaji mashine ya kupumulia. Dawa ya imunoglobulini, au kubadilishwa utegili wa damu, hufupisha ugonjwa zikianzwa mapema. Ni ghali, nami sitaficha kwamba wengi hawazipati. Vidonge vya steroidi, ambavyo wengine hununua dukani, havisaidii.

Lakini uangalizi wa pumzi, mapigo ya moyo, kumeza na vidonda vya mgongo waweza kufanyika hata pasipo dawa hizo. Seli za Schwann huviringisha ala upya, polepole. Baada ya miezi sita, wagonjwa wanne kati ya watano hivi hutembea bila msaada. Mkulima wetu huenda akaanza kwa fimbo uani, kisha hadi kwa jirani. Mteremko wa shamba la tangawizi utakuja mwisho, kwa kuwa vifundo vya miguu ndivyo hukawia kupata nguvu.