Marika Mawili, Jalada Moja: Kurithishana Ujuzi katika Ofisi za Babati

Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha, na mji wa Babati ukawa makao makuu yake. Kwa hiyo mtumishi wa umma aliyeanza kazi mjini hapo mwaka huo akiwa na miaka 35 atafikisha miaka 60, yaani umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2027. Rika lililofungua majalada ya kwanza ya mkoa limekaribia kuondoka, na baadhi yao huweza kutangulia, kwa kuwa kustaafu kwa hiari huruhusiwa kuanzia miaka 55.

Ujuzi wa kazi ni wa aina mbili. Ujuzi bayana ni ule ulioandikwa katika kanuni na miongozo, ilhali ujuzi fiche hukaa kichwani mwa mtu, kwa mfano kujua ni mpaka upi wa kiwanja uliowahi kuzua mgogoro na ulisuluhishwaje. Watumishi wa siku nyingi wamejaa ujuzi fiche, na vijana huimudu upesi mifumo ya kidijitali kama NeST, unaotumika katika ununuzi wa umma tangu 2023. Hivyo kinachoitwa mgongano wa vizazi mara nyingi ni ujuzi uliogawanyika.

Adabu nayo ina uzito wake, kwani kijana aliyemwamkia mkubwa wake shikamoo asubuhi huona vigumu kumsahihisha mchana mbele ya wenzao, na mkubwa naye huona haya kumuuliza kijana. Hapo dokezo, yaani maelezo mafupi yanayoandikwa ndani ya jalada, hufaa sana, kwa sababu hoja huelekezwa kwa cheo badala ya mtu, nayo hubaki kuwa kumbukumbu.

Mpango wa kurithishana madaraka, ambao ni utaratibu wa kumwandaa mapema atakayeshika nafasi, usingoje barua ya kustaafu. Katika miezi 12 ya majaribio, mwajiriwa mpya apangwe na mtumishi mzoefu katika kazi moja: yule mpya aingize taarifa kwenye mfumo, yule mzoefu aeleze historia ya jalada, kisha wabadilishane, la sivyo kijana ataishia kuwa mpiga chapa wa mkubwa wake. Wakuu wa idara waorodheshe sasa watumishi wanaokaribia miaka 60, na kando ya kila jina waandike jina la anayejifunza kwake.