Kufuli Mbili na Maumivu ya Mjomba

Barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru, ikishaipita Timau, huanza kuteremka kwa namna inayomhadaa dereva. Mashamba ya ngano na shayiri yametandazwa kando yake, Mlima Kenya uko upande wa kulia, upepo ni wa baridi kali, na gari huongeza kasi lenyewe kabla ya kufika Subuiga, njia panda inayowatenganisha waendao Isiolo na waendao Meru. Kwenye mteremko huo ndiko ilikopinduka, jioni moja ya Desemba mwaka 2019, pikapu iliyombeba mjomba wangu pamoja na magunia yake ya viazi.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo, kwa hiyo nilifika mapema. Ambulensi ilifika baada yangu. Ilikuwa na machela, mtungi wa oksijeni, bandeji za kutosha na kijana mmoja mwenye adabu na mikono myepesi. Alimfunga mjomba mguu kwa kigango, maana mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, hata mimi nisiye daktari niliuona ulivyopinda. Nilipomwuliza kama hana dawa ya kumtuliza mzee, alinionyesha vidonge ambavyo wewe na mimi humeza tukiumwa na kichwa. “Hizo nyingine haturuhusiwi kubeba, Mwalimu,” akasema.

Tukampeleka kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Ambulensi ikaitwa kwingine, nasi tukabaki tukisubiri gari la kumhamishia hospitali kubwa. Hapo ndipo nilipofunzwa somo ambalo miaka yangu yote ya kufundisha isimu haikuwa imenifunza. Muuguzi wa zamu, dada wa makamo aliyesema kwa sauti ya chini, alinionyesha kabati dogo la chuma lililogongomewa ukutani, ndani ya kabati jingine kubwa zaidi. “Mwalimu, dawa ipo. Mofini ipo. Iko pale. Lakini ufunguo umeondoka na msimamizi, naye yuko mjini kwenye mafunzo.”

Kutoka kitanda cha mjomba hadi kabati hilo zilikuwa hatua nne. Nilizihesabu, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Ufunguo uliletwa na mwendesha bodaboda baada ya muda unaokaribia saa tatu, ukiwa ndani ya bahasha. Muda wote huo mzee wa miaka 71, aliyenibeba mabegani nikiwa mtoto, alikuwa ameiuma kola ya koti lake ili wagonjwa wengine wasimsikie akilia.

Nakiri kwamba usiku ule nilitunga kichwani barua kali ya kupeleka gazetini. Sikuiandika. Kesho yake nilirudi kumshukuru yule sista, maana hata hivyo alikuwa ameketi na mzee saa zote hizo, na katika mazungumzo nikamwuliza kwa nini hakuvunja kufuli. Hakukasirika. Akanisimulia habari ya kituo kingine alikowahi kufanya kazi, ambako kichupa kimoja kilikosekana kwenye hesabu ya asubuhi. Kila aliyekuwa zamu aliandikishwa taarifa. Baadaye ikagunduliwa kuwa mwenzao mmoja, muuguzi hodari aliyependwa na wagonjwa, alikuwa akijidunga masalio. Kichupa cha mofini aghalabu huwa na miligramu 10. Mgonjwa akihitaji 5, tano nyingine hutakiwa kumwagwa mbele ya shahidi, naye shahidi atie sahihi. Mwenzao alikuwa akipata sahihi bila shahidi kutazama, kwa sababu kila mtu alikuwa na haraka na kila mtu alimwamini. “Alikuwa rafiki yangu,” akasema sista. “Mimi ndiye niliyekuwa nikitia sahihi.”

Barua yangu ikafa papo hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizauliza na kusoma juu ya makabati haya, na jambo la kwanza lililonishika, kwa kuwa kila mtu huvutwa na fani yake, ni jina. Wauguzi wetu huliita “kabati la DDA”, na dawa zenyewe “DDA”. Herufi hizo ni kifupisho cha jina la Kiingereza la sheria ya zamani kuhusu dawa za hatari, iliyokuwa Sura ya 245 ya sheria za Kenya. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1994, ilipotungwa Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya na Vileo vya Akili. Kuna wauguzi waliozaliwa baada ya sheria hiyo kufa, na bado kila machweo wanakabidhiana funguo zake.

Jina la pili ni lile tunalolitumia sisi wengine: mihadarati. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufa ganzi, kupoteza hisia. Katika Kiarabu cha leo, kitendo cha daktari kumtia mgonjwa ganzi kabla ya upasuaji kinatajwa kwa neno la mzizi huo huo. Waarabu basi wamebaki na pande zote mbili za neno, tiba na uharibifu, ilhali sisi tumechukua upande mmoja tu. Mwambie mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili atunge insha kuhusu mihadarati, atakuandikia habari za vijana vichochoroni, polisi na majuto ni mjukuu. Hataandika habari za bibi mwenye saratani aliyelala usingizi wake wa kwanza baada ya juma zima. Neno kasumba nalo lilitupeleka mbali zaidi: lilikuwa jina la afyuni, na leo aghalabu hutumika kwa mawazo mabaya tuliyopandikizwa na wakoloni. (Wanafunzi wangu hushangaa wakiambiwa kuwa kasumba iliwahi kuvutwa.) Hakuna ubaya lugha ikihama, lakini muuguzi aliyekulia ndani ya lugha hii huingia wodini akiwa amekwisha kufundishwa kuogopa kichupa kabla ya kufundishwa kipimo chake.

Nayo hofu hiyo haikosi msingi. Mofini ikizidi hulegeza pumzi mpaka ikakatika, na dawa inayoitangua ni naloksoni. Uingereza ilijifunza kwa gharama kubwa. Daktari mmoja wa huko, Harold Shipman, alihukumiwa Januari mwaka 2000 kwa kuwaua wagonjwa wake 15 kwa kuwadunga diamofini, na tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ikabaini kuwa waliouawa walikuwa wengi zaidi ya hao kwa mbali. Dawa alizipata kwa njia ya kawaida kabisa: aliandika majina ya wagonjwa waliohitaji kidogo au wasiohitaji chochote, na waliokufa akabaki na masalio yao. Mwaka 2004 tume hiyo ilitoa ripoti nzima juu ya udhibiti wa dawa hizi tu. Anayecheka kabati lenye kufuli mbili na daftari lenye kurasa za nambari na asome habari za Shipman kwanza.

Lakini kufuli ina pande mbili. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi kuhusu watoto wagonjwa mahututi nchini Kenya, likaeleza kuwa kati ya hospitali za umma takriban 250, ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Mwaka huo huo tulipitisha Katiba ambayo Kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hali ya mofini ya kunywa imeendelea kuwa nafuu tangu hapo, hasa kwa juhudi za vituo vya kuwatunza wagonjwa wasio na tumaini la kupona, na Meru yetu ni miongoni mwa sehemu zilizobahatika kuwa na kituo cha namna hiyo. Majirani wetu wa Uganda walitutangulia: Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini ukawa unachanganywa na maji na kutiwa rangi kulingana na nguvu yake ili mtu asikosee chupa, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa maalumu kuiandika wenyewe. Walioifanya kazi hiyo hawakuondoa kufuli. Waliongeza idadi ya wenye haki ya kushika ufunguo.

Hayo yote ni ya wodini, ambako kabati limegongomewa ukutani. Ambulensi ni kabati linalotembea, na hapa ndipo fikra zetu zinapokwama. Gari hutikisika, vichupa vya kioo huvunjika, na kichupa kilichovunjika bila shahidi hakina tofauti, kwenye karatasi, na kichupa kilichoibwa. Wahudumu ni wawili, mmoja yuko kwenye usukani: ni nani atakayeshuhudia nusu iliyobaki ikimwagwa, saa nane usiku, kwenye mteremko wa Subuiga? Wamarekani, ambao dawa za jamii hii zimewaua kwa maelfu na hawana sababu ya kuzichekea, walilikabili swali hili kwa sheria mwaka 2017: huduma ya ambulensi yenyewe inaweza kusajiliwa, nayo ikawajibika kwa kila kichupa, na mhudumu aliye barabarani akafuata maagizo ya kudumu yaliyoandikwa na daktari, badala ya kumsubiri daktari amtaje mgonjwa mmoja mmoja.

Hatuna haja ya kuiga kila kitu. Mambo yanayotakikana hayahitaji mitambo. Mfuko mdogo uliofungwa kwa lakiri yenye nambari, ukiwa na vichupa viwili au vitatu tu, si shehena. Lakiri ikikatwa, sababu iandikwe. Mfuko uhesabiwe na watu wawili kila zamu inapobadilika, na vichupa vitupu virudishwe kwa mfamasia kabla ya vijazi kutolewa, kama wanavyofanya wauguzi wetu sasa. Masalio yamwagwe mbele ya muuguzi anayempokea mgonjwa, ndani ya jengo lenye taa. Pia iko ketamini, ambayo haimo katika orodha za mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya na haikandamizi pumzi kama mofini. Wataalamu waamue ipi iwe ya barabarani. Mimi ni mtu wa maneno. Ninachojua ni kwamba kijana yule mwenye adabu hakuwa na chochote cha kuamua.

Ama kuhusu ufunguo kusafiri na msimamizi, hilo si suala la sheria wala bajeti. Nilipopita pale mwaka uliofuata, sista alinionyesha utaratibu walioubuni wenyewe. Ufunguo wa zamu haupiti lango la kituo: umening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkanda wa aliye zamu, na jina lake limeandikwa daftarini pamoja na saa alipoupokea. Wa akiba umo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi mbili juu ya mshono, na atakayeichana lazima aandike jina la mgonjwa. Bahasha ilikuwa haijachanwa hata mara moja. Nikamwuliza wao kwa wao huziitaje dawa zile siku hizi. “Dawa za kabati,” akasema, akacheka. Nimelipenda jina hilo, na nimeanza kulitumia darasani.

Mjomba alipona, ingawa hutembea kwa mkongojo na viazi amewaachia wanawe. Mwaka jana tulikuwa tumeketi nje tukiota jua la asubuhi, akaniuliza sindano ile ilikuwa ya nini, kwa maana aliikumbuka vizuri: jinsi maumivu yalivyosogea pembeni, kama mtu aliyeombwa apishe njia. Nikamwambia ni mofini, itokanayo na afyuni. Akanyamaza kidogo, akageuza mkongojo mikononi.

“Hiyo si ndiyo mihadarati, Mwalimu?”

Nikamweleza habari za mzizi wa Kiarabu, za ganzi, za kipimo na za sahihi mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni. Kisha akatazama mlangoni kuhakikisha shangazi hasikii, akaniinamia. “Sawa. Lakini watu wa kanisa usiwaambie.”