Piloti akizunguka mara ya pili, muache azunguke

Wandugu, tuanze na Kilambo. Kwa wale hawapajui, ni kipande cha barabara ya lami upande wa kwenda Kisangani, kilomita kama 30 kutoka Walikale. Kwa miaka mingi kile kipande kilitumika kama uwanja wa ndege. Wakati kasiterite ya Bisie ilikuwa moto, Antonov na Let 410 zilikuwa zinatua pale na kurudi Goma na mzigo wa tani kama mbili kila moja. Ndege ikisikika, magari na pikipiki zinasimamishwa, mbuzi wanafukuzwa, inatua. Ikisha kuruka, barabara inarudi kuwa barabara.

Sasa, abiria analalamika nini? Kwamba piloti amefika juu ya pisti, anaiona kabisa, halafu anapita tu, anazunguka, anarudi. Ndani ya ndege watu wanaanza: «Huyu hajui kazi!» Wengine tayari wanasali. Kumbe ndipo anafanya kazi yake. Mzunguko wa kwanza ni wa kutafuta mambo mawili: lami iko wazi? Na upepo unatoka upande gani? Kwenye uwanja mkubwa kuna mnara wa kumwambia. Pale barabarani anasoma moshi wa jikoni na majani ya ndizi.

Kwa nini upepo? Ndege inapenda kutua ikiuangalia upepo usoni. Tufanye hesabu ndogo. Ndege inahitaji kilomita 150 kwa saa ndani ya hewa ili isianguke. Upepo wa kilomita 20 ukitoka mbele, magurudumu yanagusa chini kwa 130. Upepo ule ule ukitoka nyuma, yanagusa kwa 170. Mtu atasema tofauti ni 40 tu. Lakini breki hazihesabu hivyo, juu nguvu ya mwendo inapanda kwa kasi mara kasi. Zidisha 170 kwa 170, gawanya kwa 130 mara 130: unapata 1.7. Pale ambapo mita 600 zilitosha kusimama, sasa unataka zaidi ya 1,000. Lami ikiwa na maji, ongeza tena.

Wanaojenga uwanja kwanza wanachunguza upepo, ndipo wanalaza pisti. Kilambo haikuchunguzwa na mtu. Lami inaelekea kule barabara ilikuwa inaenda. Na katika milima yetu ya Masisi na Walikale, mara nyingi upande mmoja wa pisti kuna mlima, kwa hiyo piloti anaingilia mlango mmoja na kutokea mlango ule ule, upepo upende usipende.

Hata Goma iko hivyo. Pisti yake inaitwa 17 na 35, maana yake nyuzi 170 na 350 za dira: kusini ziwa, kaskazini Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilifunika sehemu ya kaskazini ya pisti, karibu kilomita moja. Kwa hiyo ndege zikazoea kuingia kutoka ziwani na kuruka kuelekea ziwani. Lakini mchana jua likipasha nchi kavu, upepo unatoka ziwani kuja mjini. Anayetua anasukumwa mgongoni. Tena Goma iko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji mwendo zaidi kuliko pwani ili ibebwe. Hayo yote yanakula pisti.

Asubuhi upepo bado umelala, ndiyo sababu mapiloti wanapenda kuondoka mapema. Saa nane, saa tisa mawingu ya mvua yanajikusanya, na chini ya wingu lile hewa inaweza kushuka kwa ghafla kama ndoo imemwagwa. Tarehe 4 Aprili 2011, Kinshasa, ndege iliyokuwa inafanya kazi ya Umoja wa Mataifa ilikamatwa na dhoruba ikitaka kutua. Kati ya watu 33, mmoja tu alipona. Na ile ilikuwa pisti ndefu ya mji mkuu.

Kuna pia kugusa chini kwa kuchelewa. Februari 2012 pale Kavumu, ndege ya Katumba Mwanke ilipita mwisho wa pisti, naye akafa. Pisti iliyobaki nyuma yako haikusaidii tena, hata kama ni lami nzuri namna gani.

Kwa hiyo siku utasikia mashine inanguruma ghafla wakati magurudumu yako karibu kugusa, na pua inainuka tena juu, usimpigie piloti kelele. Hesabu imemkatalia. Na yule anayemwambia «patron, ongeza tu mfuko huu mmoja wa maharagwe», saa tisa ya mchana, mawingu yako pale juu ya mlima, huyo ndiye wa kupigiwa kelele.