Msokoto wa Kutuliza Roho Kabla ya Kisu

Propofoli ni nyeupe kama maziwa. Daktari wa usingizi akiisukuma mshipani, mgonjwa aliyekuwa akihesabu kuanzia kumi kurudi nyuma huwa hafiki mbali. Kwa mtu mzima mwenye afya, dozi ya kumlaza ni miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake, na daktari mzoefu huipiga hesabu hiyo kichwani huku bado anamjulia hali mgonjwa. Kuna watu, hata hivyo, ambao hesabu hiyo inawakataa. Dozi imekwisha, wao wako macho wanauliza kama kazi imeanza.

Jimbo la Colorado nchini Marekani linawafahamu vizuri. Wapiga kura wake waliihalalisha bangi ya starehe mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014. Baadaye madaktari wa huko walipitia mafaili ya wagonjwa 250 waliokuwa wamepewa dawa za kuwalaza ili wapimwe tumbo kwa mpira wenye kamera. Wagonjwa 25 kati yao walikuwa wakitumia bangi kila siku au kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: ukilinganisha na wenzao, hao 25 walitumia midazolamu zaidi kwa asilimia 20, fentanili zaidi kwa asilimia 14, na propofoli zaidi kwa asilimia 220. Kwa hesabu ya sokoni, ni zaidi ya mara tatu. Miaka kumi nyuma, mwaka 2009, watafiti walikuwa wameona jambo la namna hiyo kwa wanaume 60: waliozoea bangi walihitaji dawa nyingi zaidi ndipo koo likubali kuwekewa kifaa cha kupitishia hewa.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuongeza tu dozi. Shida ni kwamba propofoli hailazi ubongo peke yake. Hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji, na kila mililita inayoongezwa inakaribisha hayo mawili. Daktari aliyejua mapema hujipanga, huandaa dawa za ziada na kukaza macho kwenye mashine. Asiyejua hujikuta akikimbizana na mgonjwa katikati ya kazi.

Kiini cha mambo haya ni THC, kemikali inayolevya ndani ya bangi, ambayo Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga nchini Israel mwaka 1964. THC huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Pombe ya jana hutoka, lakini THC ya mvutaji wa kila siku hujificha kwenye mafuta ya mwili na kuvuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa baada ya ulevi wenyewe kusahaulika. Kwa mtu aliyekwenda hospitali kunyonywa mafuta ya tumbo, hiyo ni kejeli ya aina yake.

Upasuaji wa urembo, kama huo wa kunyonya mafuta, una tabia ambayo ule wa kidole tumbo hauna: mgonjwa anakwenda mzima. Hana homa, hana maumivu, ana woga tu. Woga huo ndio unaomfanya mwingine avute msokoto mmoja asubuhi, wa kutuliza roho, kabla ya kupanda gari kwenda kukutana na kisu.

Huo mmoja ndio wa kuogopwa kuliko yote. Baada ya kuvuta, mapigo ya moyo hupanda na huweza kubaki juu kwa saa mbili au tatu. Mwaka 2001 utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 3,882 waliopata mshtuko wa moyo ulionyesha kwamba katika saa ya kwanza baada ya kuvuta bangi, hatari ya mshtuko huo huongezeka mara 4.8. Sasa muweke mtu huyo kwenye meza ya kunyonya mafuta. Kwa njia iliyoenezwa na daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, tangu miaka ya 1980, mafuta hujazwa kwanza maji mengi yenye dawa ya ganzi na adrenalini ili mishipa ijikunje na damu isipotee. Adrenalini ni kiboko cha moyo. Moyo uliokwisha kuchapwa na bangi unaongezewa fimbo nyingine.

Ndiyo maana Januari 2023 chama cha Marekani cha wataalamu wa ganzi na tiba ya maumivu, ASRA, kilitoa mwongozo wake kuhusu bangi na upasuaji. Kinataka kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya kulazwa kwa dawa, awe kijana wa rasta au bibi wa kanisani. Aliyefika amelewa, upasuaji wake usio wa lazima uahirishwe. Na aliyevuta asubirishwe angalau saa mbili. Saa mbili hizo ni kwa ajili ya moyo tu. Dozi za propofoli hazirudi kawaida kwa kusubiri kwenye benchi.

Wapo wanaosema wao hawavuti, wanakula. Huko bangi ilikohalalishwa, peremende laini na biskuti za bangi hupangwa dukani kama bidhaa nyingine. Hazina moshi, lakini huchelewa kuanza kazi, wakati mwingine hadi saa mbili, kisha hukaa mwilini saa nyingi, hivyo mtu anaweza kuingia chumba cha upasuaji mtulivu na kupandwa na ulevi akiwa mezani. Zaidi ya hapo, biskuti ni chakula. Mgonjwa huambiwa asile kwa saa sita kabla ya nusu kaputi kwa sababu kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni, na THC yenyewe hulifanya tumbo lichelewe kujimwaga. Mafuta ya CBD nayo, ingawa hayalevyi, huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, ikiwemo warfarini ya kuzuia damu kuganda.

Halafu kuna ngozi, na hapa daktari wa urembo ndiye mwenye presha. Anapokaza uso au tumbo, hubandua ngozi kutoka kwenye nyama iliyoilisha, huivuta, hukata ya ziada na kushona. Kwa siku kadhaa kipande hicho huishi kwa damu ya mishipa midogo iliyobaki pembeni. Ikipungua hewa ya oksijeni, ukingo hugeuka zambarau, kisha mweusi, kisha huoza. Kwa sigara jambo hili linajulikana tangu zamani: utafiti wa mwaka 1984 kuhusu wagonjwa 1,186 waliokazwa uso ulionyesha kwamba wavutaji walikuwa na uwezekano wa mara 12 hivi zaidi wa kufiwa na ngozi.

Mvutaji wa bangi hujitetea kwamba msokoto wake hauna nikotini. Sawa, kama haukuchanganywa na tumbaku. Lakini una ile gesi ya jiko la mkaa, kaboni monoksidi, inayoua familia zinazolala na jiko ndani chumba kikiwa kimefungwa. Gesi hiyo huketi kwenye chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni na kukataa kuinuka. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1988 vilionyesha kwamba bangi huipandisha gesi hiyo kwenye damu karibu mara tano ya sigara, kwa sababu mvutaji huvuta kwa nguvu na kubana pumzi. Madaktari wengi wa urembo sasa hawaulizi tena ni moshi wa nini. Wanataka wiki nne bila moshi kabla ya kisu, na nne baada yake.

Kuacha ghafla kuna gharama pia. Mtumiaji wa kila siku anayelazwa wodini hukosa usingizi, hutoka jasho, hununa na kukataa chakula, na muuguzi huweza kudhani ni maambukizi. Maumivu yake huwa makali zaidi na dawa za kutuliza huonekana kama maji. Na hata bila kuacha, wachache kati ya watumiaji wa muda mrefu hupatwa na ugonjwa ulioelezwa mwaka 2004 na madaktari wa Australia: kutapika mfululizo kunakotulizwa na kuoga maji ya moto. Kutapika kwa mtu aliyekazwa uso jana yake hupandisha shinikizo la damu, na damu inaweza kujikusanya chini ya ngozi mpya hadi arudishwe mezani.

Huku kwetu huduma hizi si za matajiri wa Dubai pekee tena. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ilizianza mwaka 2023. Lakini bangi ni kosa la jinai Tanzania na Kenya, na mgonjwa huhojiwa akiwa ameketi na shangazi yake. "Dada, unavuta chochote?" "Hapana, daktari. Sigara na mimi wapi na wapi!" Amesema kweli, na hakuna alichosema. Daktari mjuzi humwomba shangazi atoke kwanza, kisha huuliza kwa kuitaja bangi kwa jina lake: unavuta au unakula, kiasi gani, mara ngapi kwa wiki, na mara ya mwisho lini. Anauliza ili apime dozi, si ili aite polisi, na ni vizuri alitamke hilo mwenyewe.

Jibu likiwa "leo asubuhi", jina linafutwa kwenye orodha ya siku hiyo na kuandikwa kwenye ya mwezi ujao. Kitambi kitakuwepo palepale.